Yungiyungi linakusumbua? Shika tope kwanza kabla hujamwaga kitu

Mwangaluka wadau. Kila mvua za vuli zikianza napata maswali yaleyale, majani yamekua njano, maua hamna, maji yamegeuka kijani kama mlenda, na nikimuuliza mtu umeshafanya nini mpaka sasa ananitajia vitu alivyomwaga humo ndani mpaka nashika kichwa, mbolea ya mahindi, magadi, dawa ya kunguni, kuna mmoja alimwaga na Jik kabisa eti "kuua vijidudu". Ila aliyeingiza mkono kwenye tope kuangalia hali ya chini sijampata bado. Na siwacheki, maana mimi mwenyewe nimeua mayungiyungi mengi kuliko niliyonayo leo, na karibu yote niliyaua kwa kuyahurumia sana.

Tuelewane kwanza tunaongelea ua gani. Ni lile la bluu, wengine wanaita tu ua la majini, unaliona kwenye ghuba zilizotulia zenye mafunjo na matete, jani la duara linaelea na ua limesimama juu ya maji kidogo. Kitaalamu ni Nymphaea nouchali var. caerulea, ni mwenyeji kabisa wa Afrika, usilichanganye na gugumaji ambalo ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini lililotuvamia ziwa Victoria miaka ya 80 mwishoni. Ukikuta kwenye duka la maua wanakuuzia kitu chenye ua la zambarau na vishina vilivyovimba kama puto, kimbia, hilo ndo gugumaji lenyewe.

Sasa sisi wa Mwanza tunajijua, nyumba ziko juu ya mawe, ukitaka kuchimba bwawa uwani labda uwe na baruti. Kwahiyo wengi tunalimia kwenye pipa la plastiki la lita 200 lililokatwa katikati, au kipande cha tanki la maji lililopasuka, mimi nina mtumbwi wa zamani niliouziwa kama kuni, nikautandika nailoni nzito ndani, ndo bwawa langu zuri kuliko yote. Ndani yake mmea unakaa kwenye beseni pana lenye udongo, unazamishwa na beseni lake. Nayoeleza hapa chini ni kwa mpangilio huo.

Hatua ya kwanza kwa ugonjwa wowote, kunja shati mpaka kwenye kwapa, ingiza mkono mpaka chini, chota tope, nusa. Ukisikia harufu ya kawaida ya ufukweni, ile ya tope la ziwa, chini kuko salama, tatizo liko juu. Ukisikia yai viza na tope ni jeusi tii linatoa mapovu, udongo umeoza, huko ndiko pa kuanzia. Na likikuponyoka vidoleni kama mchanga, basi umeweka luseni yetu ya mlimani, ule udongo wa kichanga, mmea una njaa tu. Afu tafuta kiazi chake, kibinye taratibu, kiwe kigumu kama kiazi kibichi. Kikibonyea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, soma sehemu ya kuoza na uache mengine yote.

Majani yanageuka njano

Hapa ndo watu wengi wanakimbilia dukani bure. Angalia ni jani lipi. Jani la yungiyungi haliishi sana, wiki chache tu linazeeka, linakua njano, linalainika, linazama, na lingine linachipua katikati. Kwahiyo kama yale ya pembeni ndo yanakufa moja moja na ya katikati yanakuja mazuri, huna ugonjwa, una uzee. Yakate kwa chini karibu na kiazi uyatoe, usiyaache yaozee humo.

Lakini kama majani MAPYA ndo yanatoka njano na mishipa imebaki ya kijani, hapo mmea unakosa madini ya chuma, na mara nyingi sana huku kwetu sababu ni saruji. Watu wanajenga kisima kizuri cha matofali, wanapiga plasta leo, Jumamosi wanajaza maji wanapanda. Saruji mpya inatoa chokaa kwenye maji, chokaa ikizidi mmea hauwezi kuchukua chuma hata kama kipo kwenye udongo umejaa. Dawa yake ni uvumilivu, toa mmea uuweke kwenye ndoo, jaza kisima, acha wiki, mwaga, jaza tena, rudia mara tatu nne, au usubiri mvua kubwa zikusaidie kuosha. Kuongeza mbolea hapo ni kumpa chakula mtu aliyefungwa mdomo.

Kama ni yote, mapya na ya zamani, yana njano ya kufifia na ni madogo, rudi kwenye lile tope, utakuta ni mchanga au ni udongo uliochoka. Yungiyungi linataka mfinyanzi mzito, ule mweusi wa mbuga unaonata kwenye viatu mpaka unatembea kama una mizigo miguuni, ndo huohuo. Usiweke udongo mwepesi wa vitalu wenye maranda na pumba, unaelea wote juu siku ya kwanza na siku ya kumi unaanza kunuka.

Kulisha kuna namna yake. Chukua NPK kijiko cha chai, viringisha ndani ya bonge la mfinyanzi kama unafinyanga tonge la ugali, acha likauke kidogo, afu lizamishe kwa kidole gumba kwenye udongo wa beseni pembeni ya kiazi, lisikiguse. Mimi nafanya kila mwezi na nusu kwa beseni moja. Ukimwaga mbolea kwenye maji unalisha ukungu wa kijani, mmea unaambulia harufu.

Kuoza

Hii inaua haraka na haina mbwembwe. Dalili, majani yanang'oka ukiyavuta kidogo tu, shina limelegea, harufu. Sababu namba moja ni samadi mbichi. Mtu anatoa samadi ya ng'ombe zizini asubuhi, anachanganya na udongo nusu kwa nusu kwa sababu kwenye mchicha ilifanya kazi. Sasa mchicha uko kwenye hewa, hapa mmea uko chini ya maji hewa hakuna, samadi inachacha na kuunguza mizizi. Sababu ya pili ni kufukia kichwa cha kiazi, pale majani yanapochipukia panatakiwa paonekane usawa wa udongo, ukifukia kama unapanda kiazi kitamu ukajua umemaliza kazi, hapo umekizika.

Toa kiazi, osha, kata sehemu yote laini mpaka ufike penye nyama ngumu nyeupe, kisu kisafi. Kaushe kidonda kivulini saa chache, mimi napaka jivu la mkaa. Panda upya kwenye mfinyanzi mtupu usio na mbolea yoyote, maji yawe juu ya udongo kiasi cha kiganja tu, jua lipashe. Vikipona vinaanza na vijani vidogo laini vyekundu-kahawia chini ya maji, usishtuke ukadhani ni kitu kingine, ndo utoto wake.

Majani yapo, maua hamna

Swali la kwanza nauliza pipa liko wapi, na jibu ni lilelile, "chini ya mwembe, pazuri pana kivuli". Pazuri kwa nani? Hili ua linataka jua la moja kwa moja angalau saa 6 kwa siku. Chini ya mwembe utapata majani makubwa mazuri ya kupiga picha na basi. Sogeza pipa, na kama halisogezeki kata matawi.

Swali la pili kina. Ziwani linaota hata kwenye maji ya kina kirefu kwa hiyo watu wanazamisha beseni dogo na mmea mchanga moja kwa moja chini kabisa, mmea unamaliza nguvu zote kutafuta juu. Anza na maji ya sentimita 15 juu ya udongo, tanguliza matofali chini ya beseni, na kila majani yakishafika juu toa tofali moja. Sentimita 30 mpaka 45 inatosha kabisa kwa nyumbani.

Kingine ni msongamano, ukiona majani yamesimama juu ya maji yanagombania nafasi kama abiria wa daladala saa 12 jioni, beseni limejaa. Toa, gawa viazi, bakiza kimoja kikubwa, vingine gawia majirani. Na kama una pampu inayorusha maji juu kwa ajili ya urembo, izime au ihamishie mbali, yungiyungi ni mmea wa maji yaliyotulia na jani lake linapumulia upande wa juu, sio chini kama majani mengi ya nchi kavu, ukililowesha mchana kutwa unaliziba pua. Vumbi la kiangazi kwa sisi tunaokaa kandokando ya barabara ya vumbi linafanya hivohivo, jioni mwagia kwa mpira taratibu yasafike, basi.

Juni mpaka Agosti usinitafute kuhusu maua. Usiku unakua na baridi, upepo wa ziwa unakausha, mmea unapunguza mwendo, na kwenye madimbwi ya porini yanayokauka kabisa unajificha kama kiazi kwenye tope mpaka mvua irudi. Wako ukipunguza majani miezi hiyo uache upumzike, usiulishe.

Maji yamekua kijani

Kila mtu anafanya kosa hili na mimi nimelifanya mara tatu, unaona maji kijani unamwaga yote unajaza mapya ya bomba. Baada ya siku tano kijani tena, zaidi ya mwanzo. Ukijani unakuja na vitu viwili, chakula kwenye maji na jua juu yake. Maji mapya yanaleta chakula kipya. Na kama ni ya bomba yana dawa ya klorini, yaache kwenye ndoo wazi siku moja au mbili kabla hujayatia, ya mvua ni bora zaidi, tega bati.

Unachotakiwa kufanya ni kuacha. Acha kumwaga, acha kuwalisha samaki makombo ya ugali, punguza mbolea, subiri majani ya yungiyungi yafunike zaidi ya nusu ya uso wa maji, jua likikosa njia kijani kinakufa chenyewe. Ile ya nyuzinyuzi kama uzi wa kusuka viringisha kwenye kijiti kama tambi uitoe. Mrututu usitie, unaua kijani kweli ila unaua na samaki na unabaki kwenye tope.

Majani yana matundu

Hapa wezi ni wengi, kila mmoja ana saini yake. Kipande kimekatwa kama kwa mkasi na kuna vijipande vinaelea vimebandikwa viwiliviwili, fungua, ndani kuna kiwavi, anakata jani anajitengenezea nguo ya kujifichia. Okota kwa mkono asubuhi. Vidoti vyeusi vimejazana juu ya jani na kwenye kikonyo cha ua ni vidukari, wapige na maji ya mpira wadondoke, samaki watakula. Dawa ya kupuliza mboga usithubutu, na sabuni pia, samaki watakuja juu tumbo wazi.

Jani limeliwa kingo zote na vikonyo vimeng'olewa, nani kaweka sato? Watu wanadhani samaki ni samaki. Sato akikua anapenda majani na anachimba, kambale ndo kabisa anafukua beseni usiku mpaka kiazi kinaelea. Bata nao usiwaongelee, bata wa jirani alimaliza kazi yangu ya miezi minne asubuhi moja nikiwa kanisani. Weka furu wadogo watatu wanne, hawana shida na mmea. Na tandika kokoto juu ya udongo wa beseni, isipokua pale kwenye kichwa cha kiazi.

Konokono wachache hawana neno ila wakizidi weka jani la kabichi juu ya maji jioni, asubuhi litoe wakiwa wamejazana. Vaa glovu. Hapa naomba nisimame kidogo maana hili sio la utani, kichocho kipo kwenye hili ziwa letu na kinapitia kwa konokono, vijidudu vinatoka kwa konokono vinaingia kwenye ngozi ya mtu aliyesimama majini. Kwenye pipa lako ambalo hakuna anayejisaidia ndani yake hatari ni ndogo, hatari iko siku ile unaenda kuchukua mmea ufukweni. Vaa gambuti ndefu, usiingie peku, usiende kwenye matete marefu peke yako alfajiri, mamba wapo. Mimi siku hizi naongea na wavuvi, "shikamoo mzee, naomba ukipita kule uniletee kimoja", analeta na soda yake anapata. Afu chukua kimoja, au chukua tunda tu. Ua likishafunga kabisa tunda linazama na kuivia chini ya maji, lifunge ndani ya soksi ya zamani kabla halijapasuka, mbegu zikitoka zinaelea muda mfupi kisha zinazama, bila soksi hupati kitu. Zimwage kwenye bakuli la maji dirishani penye jua, zikishaota hamishia kwenye vikopo vya mfinyanzi.

Na wale wenye viwanja vya ufukweni wanaofyeka mafunjo ili "watengeneze bustani ya mayungiyungi", sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Sheria tuiache pembeni kidogo, yungiyungi limekaa pale kwa sababu mafunjo yanalikinga na mawimbi. Ukifyeka hilo la bluu litaondoka lenyewe.

Kitu nisichokipanda kimeota

Umeleta mmea kutoka ziwani, wiki mbili baadae juu kumejaa vitu kama vikabichi vidogo vinaelea, au vijani vidogo kama punje, au gugumaji lenyewe. Vilikuja vimejificha kwenye mizizi. Ndio maana mmea mgeni haingii bwawani moja kwa moja, osha kwa maji ya bomba jani kwa jani, ukae peke yake kwenye beseni wiki mbili, uone kitakachojitokeza. Vikishaingia ni kuokota kila siku mpaka viishe, na ukishaokota anika juani vikauke kabisa au vichome. Kutupa kwenye mtaro hapana, mitaro yetu mingi inaishia mto Mirongo, nao unamwaga ziwani.

Mbu

Huu sio ugonjwa wa ua ila ndio utakaofanya ua litolewe nyumbani, mama watoto akiona viluwiluwi mara moja tu hakuna mjadala. Na ana haki, mbu wa malaria anapenda maji safi yaliyotulia. Furu wanatosha kwenye pipa lenye samaki. Kwenye vibeseni vya miche ambavyo samaki hawakai, tumia ile dawa ya kibiolojia ya viluwiluwi inayotengenezwa kiwandani Kibaha, inaua viluwiluwi bila kugusa samaki wala mmea, au mwaga na kubadili maji kila siku ya nne. Mafuta ya taa wazee walimwaga kwenye madimbwi, hapa yatafunika jani na kuliziba.

Vichomozo vipo ila ua halifunguki

Nimeiacha mwisho maana iliniumiza kichwa. Kwanza jua tabia, la bluu linafungua asubuhi jua likishapanda na linafunga alasiri, linarudia hivo siku tatu nne afu linazama. Kwahiyo mtu anayetoka kazini saa 1 usiku atakuta limefungwa maisha yake yote akidhani linaumwa. Siku ya mawingu mazito nayo linaweza lisifunguke vizuri. Ukikuta mdudu amezama ndani ya ua la siku ya kwanza usitafute dawa, siku hiyo katikati kuna kajimaji, mdudu aliyetoka na chavua kwenye ua lingine anateleza humo, ndo linavyozaa.

Sasa kuna dada mmoja wa Pasiansi alinisumbua karibu mwezi, kichomozo kinakuja kinene, kila siku anakaa nacho kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni hakuna kitu, siku ya nne kinalegea kinazama. Jua lipo, kina sawa, tope alilinusa akasema linanukia Kamanga feri, pale kwenye kivuko cha ziwani. Nikamwambia badilisha udongo, bure. Nikamwambia sogeza pipa, bure, na pipa lenyewe zito. Mwishoni nikamwomba picha ya jani kwa karibu, nikaona kingo zake zina meno makali kama msumeno kuzunguka jani lote. La bluu kingo zake zimenyooka au zina mawimbimawimbi tu. Nikajua tumetibu mgonjwa asiyeumwa, aliletewa Nymphaea lotus, lile jeupe, nalo ni mwenyeji wa Afrika, ila linafungua jioni giza likiingia na linafunga kesho yake asubuhi, saa 4 analikuta limeshalala.

Nikamwambia leo usilale mapema, toka na tochi. Saa 3 na dakika kadhaa simu ikaingia, picha ya ua jeupe kubwa kama sahani, na chini kaandika, "na nilivyokulipa nauli ya kuja kusogeza pipa?"